Ali wa mwaka gani, Tyson wa mwaka gani?

Ubishi wa bondia gani angeshinda, Muhammad Ali au Mike Tyson, hauishi kwa sababu wanaobishana mara nyingi hawazungumzii pambano moja. Mmoja kichwani ana Ali wa Kinshasa, mtu mzima wa miaka 32, aliyeegemea kamba akapokea makonde ya George Foreman raundi baada ya raundi kisha akamlaza katika ya nane. Mwenzake anamwona Tyson wa Juni 1988, aliyemmaliza Michael Spinks kwa sekunde 91. Anakuja wa tatu, anasema wote hao wangechapwa na Tyson Fury, bondia Mwingereza wa zama zetu, maana Fury ana urefu wa sentimita 206 na uzito unaozidi kilo 115. Wanaweza kupigiana kelele hadi usiku wa manane na kila mmoja akawa na haki katika pambano lake mwenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza nani angeshinda, lazima masharti yawekwe mezani. La kwanza ni mwaka. Ali wa Novemba 1966 alikuwa na miaka 24, kilo 96, na miguu ambayo hakuna mtu wa uzito wa juu aliyewahi kuwa nayo kabla yake. Mwaka uliofuata alikataa kuandikishwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam, akanyang'anywa mkanda na leseni, na hakurudi ulingoni hadi Oktoba 1970. Aliyerudi alikuwa mwingine: mzito zaidi, mwenye akili zaidi na mwili unaostahimili kipigo, lakini miguu ile haikurudi naye. Tyson naye hivyohivyo. Wa 1988 alikuwa bado anafundishwa na Kevin Rooney, mwanafunzi wa Cus D'Amato, kocha aliyemlea Tyson. Rooney aliondolewa mwaka huohuo, na kichwa kile kilichokuwa kikiyumba kulia na kushoto kabla ya kila konde kikaanza kutulia. Anayeleta pambano la 2002 alilopigwa na Lennox Lewis kuthibitisha kwamba Tyson hakuwa kitu anazungumzia mtu wa miaka 35 ambaye kilele chake kilishapita zamani.

Sharti la pili ni sheria, na hapa wengi hupita haraka mno. Mapambano ya ubingwa yalikuwa ya raundi 15 hadi Novemba 1982, bondia Mkorea Kim Duk-koo alipofariki baada ya kupigana na Ray Mancini. Baada ya hapo mashirika ya ngumi, moja baada ya jingine, yakapunguza hadi 12. Glavu za uzito wa juu leo ni za aunsi 10. Za enzi za mabingwa wa zamani Jack Dempsey na Joe Louis zilikuwa nyepesi kuliko hizo. Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Dempsey mwenyewe, kwa sababu sheria ilibadilika yeye akiwa bado anapigana. Julai 4, 1919, mjini Toledo, Dempsey mwenye kilo 85 alimwangusha Jess Willard mara saba katika raundi ya kwanza. Willard alikuwa na kilo 111 na urefu unaokaribia mita mbili. Tazama picha za pambano lile: Dempsey anasimama juu ya Willard, anasubiri magoti yaache sakafu, anapiga tena. Wakati ule ilikuwa halali. Miaka minane baadaye, Chicago, akamwangusha Gene Tunney katika raundi ya saba na akabaki pale pale kama alivyozoea. Sheria mpya ilimtaka aende kona isiyo ya mtu yeyote kwanza, na mwamuzi hakuanza kuhesabu hadi alipokwenda. Tunney akapata sekunde za ziada, akainuka, akashinda kwa pointi. Sasa mtu akikuambia Dempsey angemmaliza fulani, muulize: Dempsey wa Toledo au wa Chicago?

La tatu ni mwili. Je, tunamchukua Rocky Marciano, bingwa wa miaka ya hamsini, kama alivyokuwa, kilo 84 au 85, tukamshusha katika ulingo wa leo? Au tunamzaa upya mwaka 1995, tunampa makocha wa nguvu, lishe ya kisasa na video za kila mpinzani? Njia ya pili inavutia, ila hapo hatuchambui tena, tunatunga. Marciano aliyezaliwa 1995 hayupo. Pengine angekuwa na kilo 100, pengine angecheza besiboli, mchezo alioujaribu kweli kabla ya ngumi. Mimi namchukua kila bondia na mwili wake, na mwaka wake, na nasema sheria za nani zitumike.

Kuna waliojaribu kuukwepa usumbufu huu wote kwa kuikabidhi kazi mashine. Mwaka 1967 mtayarishaji wa vipindi wa Miami, Murry Woroner, aliandaa mashindano ya redio: mabingwa 16 wa zama zote, takwimu zao zikaingizwa kwenye kompyuta, watangazaji wakatangaza matokeo kana kwamba yanatokea mbele yao. Marciano akaibuka bingwa. Ali akatolewa mapema na Jim Jeffries, mtu aliyekuwa bingwa tangu 1899, naye akakasirika hadi akafungua kesi ya kuchafuliwa jina. Suala likamalizika kwa Ali kukubali kuigiza filamu. Mwaka 1969 yeye na Marciano, ambaye alikuwa amestaafu miaka 13 nyuma, walijifungia studio wakapigana raundi fupifupi za kamera, Marciano akiwa amejikondesha na kuvaa nywele za bandia. Walirekodi miisho zaidi ya mmoja ili hata wao wasijue upi ungetumika. Marciano hakuuona: alikufa kwa ajali ya ndege Agosti 31 mwaka huohuo. Filamu ilipotoka Januari 1970, watazamaji wa Marekani walimwona Marciano akimwangusha Ali katika raundi ya 13. Watazamaji wa Uingereza walionyeshwa Ali akishinda.

Mashine moja, pambano moja, washindi wawili kulingana na mahali tiketi ilipouzwa. Na hata bila biashara hiyo, kompyuta ile ilikuwa inarudisha kile tu ilicholishwa: kasi ya huyu ni kiasi gani, ubavu wa yule ni kiasi gani, namba zilizotoka vichwani mwa watu. Michezo ya video ya leo na programu zinazodai kuigiza mapambano zinafanya jambo lilelile kwa picha nzuri zaidi.

Basi ushahidi uko wapi? Uko katika mapambano yaliyotokea, lakini nao lazima upimwe. Chukua mapambano mawili yanayotajwa zaidi na kila upande. Mashabiki wa Ali hupenda kuonyesha alivyomfanya Cleveland Williams mjini Houston, Novemba 1966: raundi tatu, hakuna konde la maana lililomgusa, wengi wanaliita pambano bora kabisa la maisha yake. Ni kweli kwa macho. Ila Williams alikuwa amepigwa risasi na askari wa barabarani miaka miwili kabla, akapasuliwa mara kadhaa na kupoteza figo moja. Mashabiki wa Tyson nao wana Spinks, ambaye alijijengea jina katika uzito wa kilo 79, na wana Larry Holmes, ambaye Januari 1988 alikuwa na miaka 38 na hakuwa amepigana karibu miaka miwili. Kwa Holmes hata hivyo nasita kupunguza sana. Alipigana mara 75 katika maisha yake na ni Tyson peke yake aliyemmaliza kabla ya muda.

Kosa jingine ni la hesabu ya shule: A kampiga B, B kampiga C, kwa hiyo A angempiga C. Miaka ya sabini iliivunja hesabu hiyo mbele ya dunia nzima. Joe Frazier alimshinda Ali Machi 1971. Foreman akamwangusha Frazier mara sita ndani ya raundi mbili, Kingston, Januari 1973. Ken Norton akamvunja Ali taya Machi mwaka huohuo, kisha mwaka uliofuata Foreman akammaliza Norton katika raundi ya pili. Kwa hesabu ya shule, Ali hakupaswa hata kupanda ndege kwenda Zaire. Ngumi zinaamuliwa na jinsi mtindo wa huyu unavyokutana na mtindo wa yule. Frazier alikuja mbele akiinama, moja kwa moja hadi mahali makonde ya Foreman yalipokuwa na nguvu zaidi. Ali hakukaa hapo.

Na kwa kuwa tumefika Zaire, niseme la pembeni. Sisi wa upande huu wa dunia hatumpimi Ali kwa mizani ya haki, na sijui kwa nini tujifanye tunafanya hivyo. Usiku wa Oktoba 30, 1974, uwanja mzima ulikuwa wake kabla kengele haijalia. Hata alipotumwa na Rais Carter mwaka 1980 kuja kuzishawishi nchi za Afrika zisusie Olimpiki ya Moscow, na Mwalimu Nyerere akakataa kuonana naye, lawama ziliangukia Washington zaidi kuliko yeye. Mapenzi ya namna hiyo huongeza raundi tatu au nne kwenye kadi ya jaji yeyote wa kijiweni.

Sasa turudi kwa hao wawili. Watu husahau kwamba katika kilele chao Tyson ndiye aliyekuwa mzito: kilo 99 dhidi ya Spinks, wakati Ali alipima 96 dhidi ya Williams. Tofauti ilikuwa kimo na mikono. Ali alikuwa na sentimita 191, Tyson 178, na mikono ya Ali ikinyooshwa ilimzidi Tyson kwa sentimita 18 hivi. Kazi ya Tyson ilikuwa kulipita eneo hilo bila kupigwa, na katika miaka yake mizuri alilipita vizuri kuliko mtu yeyote mfupi niliyemwona: mikono juu mashavuni, kichwa hakikai, halafu konde la mbavuni likifuatwa na jingine la mkono uleule kidevuni.

Ali, kwa upande wake, alikuwa na tabia ambazo kocha yeyote angemkataza. Alibeba mikono chini. Alikwepa kwa kuvuta kichwa nyuma badala ya kukizamisha. Konde la kushoto la pembeni lilimpata zaidi ya mara moja: Henry Cooper alimwangusha nalo London mwaka 1963, na Frazier akamwangusha nalo katika raundi ya 15 mwaka 1971. Konde hilohilo lilikuwa silaha kuu ya Tyson, tena Tyson alilitupa haraka kuliko Frazier na hakuhitaji raundi mbili tatu za kuchemka. Anayesema Ali angemchezea Tyson kama mtoto hajaangalia kanda hizo.

Lakini angalia pia kilichompata Tyson alipokutana na watu warefu wasiokubali kusimama. James Tillis, Mei 1986, alizunguka ulingo, akapiga na kuondoka, akamaliza raundi zote 10. Majaji wawili walimpa Tyson raundi 6 kwa 4. James Smith alimkumbatia usiku kucha mwaka 1987, pambano likawa baya kutazama, likaisha raundi 12. Tony Tucker naye alifika mwisho. Hao wote walimkuta Tyson mzuri, kwa hiyo hapa hakuna udhuru wa Rooney wala wa mazoezi. Halafu ikaja Tokyo, Februari 11, 1990. Buster Douglas alikuwa na kimo cha Ali, konde la kunyoosha la kushoto ambalo halikukatika usiku mzima, na kila Tyson alipoingia ndani alipokewa na la kulia. Kona ya Tyson haikuwa hata na kile chuma baridi cha kukandamizia jicho lililovimba. Walijaza maji ya barafu kwenye glavu ya mpira wakakanda nayo. Katika raundi ya kumi Tyson alikuwa amepiga magoti, anapapasa sakafu akitafuta kinga ya meno, akaipachika mdomoni nusu ndani nusu nje. Kweli hakuwa amejiandaa vizuri. Ila Douglas hakuwa Ali wa 1966 pia.

Kuna ushahidi mwingine mdogo ambao hauzungumzwi sana. Ile shule ya mikono mashavuni haikuanza na Tyson. Bingwa wa kwanza wa D'Amato katika uzito wa juu alikuwa Floyd Patterson, na Ali alikutana naye Novemba 1965 akamsimamisha katika raundi ya 12. Patterson alikuwa mdogo kwa mwili, na mgongo ulimuuma usiku ule, kwa hiyo siupi uzito mkubwa. Nauweka tu mezani.

Hukumu yangu inategemea ni Ali yupi. Wa 1966, iwe raundi 15 au 12, anapita kwenye hatari raundi nne za kwanza, pengine anakwenda chini mara moja, kisha anaanza kumkata Tyson vipande na mwamuzi anaingilia kati baada ya raundi ya tisa. Wa Machi 1971 namwona akipoteza, kwa sababu wakati ule miguu ilishapungua na ujanja wa kukumbatia ulikuwa haujakomaa. Wa Kinshasa ndiye anayesumbua. Mbinu yake ya kamba ilifanya kazi kwa sababu Foreman alitupa makonde marefu ya mzunguko yaliyotua mikononi na kumchosha. Tyson alipiga mafupi, manne kwa mpigo, na yalipitia katikati ya mikono. Ali akienda kwenye kamba mbele ya Tyson wa 1988 halafu akakaa, harudi. Alikuwa na akili ya kutosha kulijua hilo, kwa hiyo angemkumbatia kama alivyomfanyia Frazier Januari 1974, na hapo matokeo yanashikwa na mwamuzi. Tupe jina la mwamuzi kwanza.

Hoja ya ukubwa, ile ya Fury, inastahili kusikilizwa. Wengi huijibu kwa Dempsey na Willard, au kwa Joe Louis aliyemchakaza Primo Carnera mwaka 1935, kilo 89 dhidi ya 118. Majibu hayo ni mepesi. Willard hakuwa amepigana zaidi ya miaka mitatu, na Carnera hakujua ngumi kwa kiwango hicho. Kilichobadilika tangu Lewis na ndugu wawili Klitschko si kwamba watu wakubwa wameongezeka tu. Watu wakubwa wamejifunza kupigana. Wladimir Klitschko alikuwa na sentimita 198, alipiga konde la kunyoosha, akashika, akaegemea, akaachia, akarudia. Marciano, na urefu wake wa sentimita 179 na mikono mifupi, angeingia vipi pale? Namheshimu sana kwa rekodi yake ya 49 bila kupoteza, lakini leo kwa kilo zake angepigana chini ya kikomo cha uzito wa kruza (daraja lililo chini ya uzito wa juu), ambacho ni kilo 90.7, na hakuna mtu angemwona mwoga kwa hilo.

Halafu akatokea Oleksandr Usyk wa Ukraine akawaharibia watu hoja. Alitoka huko huko uzito wa kruza. Mei 2024, Riyadh, akiwa na kilo 101 dhidi ya 119, alimshinda Fury kwa kadi za majaji wawili dhidi ya mmoja, na Desemba akamshinda tena, safari hii kwa majaji wote. Kabla ya hapo alimshinda mara mbili Anthony Joshua, naye wa sentimita 198. Sasa ona kimo cha Usyk: 191. Mikono yake: sawa na ya Ali. Ni mtu wa umbo la Ali, kilo chache zaidi, anayepigana kwa miguu na pembe. Tofauti kubwa ni kwamba Usyk ni mashoto, anaweka mkono wa kulia mbele na wa kushoto nyuma, jambo linalowasumbua wengi. Ila anayesema mwili wa Ali haungeweza kuishi katika ulingo wa leo anapaswa kueleza mwili wa Usyk unaishije.

Watu waliovuka zama wanasaidia pia, ukiwatumia kwa uangalifu. Archie Moore alimwangusha Marciano mwaka 1955 kabla ya kumalizwa katika raundi ya tisa, na miaka saba baadaye akamalizwa katika ya nne na kijana aliyekuwa bado anaitwa Cassius Clay, yaani Ali mwenyewe. Hilo linatuambia kidogo sana, Moore alikuwa mzee. Foreman anatuambia zaidi. Alifika raundi 12 na Evander Holyfield mwaka 1991 akiwa na miaka 42, na Novemba 5, 1994, akiwa na 45, akamlaza Michael Moorer katika raundi ya kumi na kuwa bingwa tena, akiwa amevaa bukta ileile aliyoivaa Kinshasa. Kabla ya konde lile alikuwa nyuma kwenye kadi zote tatu. Kasi na pumzi vilishaondoka. Mkono wa kulia ulibaki, na ulitosha kumlaza bingwa wa kizazi kingine.

Ndiyo maana pambano la kufikirika ninalolipenda zaidi si la Ali hata kidogo. Ni Foreman wa 1973 dhidi ya Tyson wa 1988, na hapo naenda kinyume na wengi. Tyson ana mikono ya haraka zaidi na kichwa kigumu kukipata, sawa, na Ron Lyle alimwangusha Foreman mara mbili katika raundi moja mwaka 1976, kwa hiyo si chuma. Lakini Tyson hakujua kurudi nyuma, na Foreman alikuwa na tabia ya kumsukuma mabegani mtu mfupi anayekuja, akamweka kwenye umbali anaoutaka, akampiga kutoka chini. Frazier alikuja hivyohivyo Kingston. Kwa raundi 12, glavu za aunsi 10 na mwamuzi wa kawaida, naweka Foreman ndani ya raundi tano, Tyson akiwa amemwangusha mara moja katika ya kwanza.